Mama wa Nyuma, Aliyeponya Wageni Kwanza

Nimeona watu wakali katika mji huu wa Kisangani. Nimeona mwuza samaki aliyemtazama mteja mbishi mpaka mteja akaomba msamaha kwa makosa ya ukoo wake wote. Nimeona askari wa barabarani anayesimamisha pikipiki kwa nyusi tu, bila kuinua mkono. Lakini mtu mwenye nguvu kuliko wote niliowahi kufahamiana nao ni mama mmoja mwenye nyonga mbovu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea, ambaye hajawahi kushika upanga isipokuwa kisu cha kukatia pondu, yale majani ya muhogo. Mazimwi yanamjua. Majoka yenye vichwa saba, na huenda vilikuwa tisa, yalianguka mbele yetu kwa sababu yeye alikuwa nyuma yetu.

Ndiyo maana tulimwita Mama wa Nyuma.

Alizaliwa lini, wa nani, babu yake alivua samaki gani kule upande wa Yanonge, hayo muulize mwenyewe, tena uende umeshiba, maana hatamaliza leo. Mimi nasema niliyoyaona. Na nikizidisha chumvi mahali, usinune: mboga isiyo na chumvi ni ya mgonjwa.

Tulikuwa tukicheza kila Jumapili mchana, baada ya misa, kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja wa Kabondo. Mchezo wenyewe uko ndani ya simu, na watu wa dunia nzima wamo humo: misitu, mapango, uchawi, mazimwi makubwa kama baleinière, ile mashua ndefu ya mtoni, iliyopakia ndizi. Mtu mmoja hawezi kuyashinda. Lazima muwe watano, na kila mmoja awe na kazi yake. Wa kwanza ni ngao. Huyo anakwenda mbele, anamchokoza zimwi, anamtukana mpaka hasira yote imwelekee yeye peke yake, halafu anasimama hapo apigwe. Watatu ni wapigaji: wanazunguka nyuma ya zimwi na kumchoma wakati ameshughulika na ngao. Wa mwisho ni mganga. Huyo hapigi mtu. Anakaa nyuma kabisa na kutazama mistari ya damu ya wenzake, ule mstari mwekundu juu ya kichwa cha kila mtu: ukipungua, anaujaza. Ngao akifa, zimwi anageuka, na akigeuka, hakuna tena vita, kuna msiba.

Sisi tulikuwa wanne. Ngao yetu alikuwa huyo Fundi mwenye baraza, Mwislamu wa familia iliyokuwa hapa mjini tangu zamani za misafara, mtu mwenye Kiswahili kisafi hata ulitamani kukikunja na kukiweka sandukuni. Mpigaji wa moto alikuwa kijana tuliyemwita Commandant, mwanafunzi wa chuo aliyeshinda wiki nzima akipima miti kule msituni Masako na kurudi Jumapili kutupima sisi. Mpigaji wa mishale ni mimi, mwashi, mwenye diploma ya masomo ya jioni niliyoipata nikiwa na ndevu na watoto. Mganga alikuwa Mama. Wa tano, kila Jumapili, alikuwa mtu tusiyemjua. Mchezo wenyewe unakutafutia: unabonyeza kitufe, na ghafla anatokea mtu kutoka Brazili, au Ufilipino, au mahali ambapo maandishi yao ni kama mifupa ya samaki.

Huyo wa tano ndiye aliyeleta kesi. Maana kulikuwa na kesi, na ilitukalia shingoni msimu mzima: Mama wa Nyuma abaki katika kikosi, au atolewe?

Kwanza niseme alivyoingia. Alikuja kuchaji simu. Fundi ana kibao cha jua juu ya bati na betri chini ya meza, na nusu ya mtaa inakuja hapo wakati umeme umelala. Nyonga ilikuwa imemtoa sokoni, alikouza pondu miaka mingi kuliko umri wa soko lenyewe. Ilikuwa imemtoa hata katika kwaya ya akina mama, kwa sababu kule wanaimba wakisimama. Akakaa kwenye benchi, akitazama simu ya Commandant kwa pembeni. Siku hiyo hatukuwa na mganga. Fundi alikuwa akipigwa mpaka tunamwonea haya.

"Huyu anaanguka juu ya nini?" akauliza.

"Damu yake imekwisha, Mama," Commandant akamjibu.

"Na ninyi bote munamutazama tu?"

"Hatuna mganga."

"Batu wazima batatu, na hakuna hata moja ya kumupa maji! Leta ile kintu hapa."

Commandant alicheka, akamwekea mchezo kwenye simu yake. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Wiki nyingi alikaa naye akimfundisha: hiki kinajaza damu kidogo kidogo, hiki kinajaza kwa mara moja lakini kinahitaji kupumzika, hiki kinaondoa sumu. Nisiposema hivyo sitakuwa nimemtendea haki kijana yule.

Ilipofika kuchagua umbo, mchezo ulimwonyesha waganga wote ulionao: wasichana wembamba, kitovu nje, nguo kama leso mbili.

"Huyu mutoto-mwanamuke hana kikwembe cha kujifunga?" Mama akauliza. "Mama yake iko wapi?"

Akapekua, akapekua, mpaka akampata mzee mfupi mnene, mwenye ndevu mpaka magotini na tumbo la heshima. "Huyu angalau amekula," akasema. Kwa hiyo popote duniani, kama uliwahi kuokolewa na kibete mwenye ndevu aliyekuuliza kama umekula, huyo alikuwa Mama wetu.

Maana alikuwa akiwauliza kweli. Mchezo una mahali pa kuandikiana, na yeye aliandika kwa kidole kimoja, taratibu kama mtu anayechambua mchele: "Mbote mwanangu umekula?" Kwa Kiswahili chake chenye salamu ya Kilingala, kwa Mbrazili. Mbrazili angeelewa nini? Lakini neno moja, lile jina lililoandikwa juu ya kichwa cha kibete wake, wote walilielewa, na walikuwa wakimjibu hivyo hivyo, kila mmoja kwa herufi zake: Mama. Mama. Mama.

Sasa usifikiri alikuwa mtu laini. Laini wapi! Sokoni fungu lake la pondu lilikuwa jembamba kama masharubu ya kijana wa kidato cha pili, na ukimwomba nyongeza alikuonyesha mto: "Nyongeza iko kule, kunywa." Kwenye kwaya, nasikia, aliwahi kumnyamazisha mwimbaji wa sauti ya kwanza katikati ya Aleluya. Na sisi, watu wa kikosi chake, hakutupa damu bure. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa mkono mwepesi: nilirusha mshale kabla Fundi hajafika mbele, zimwi akaniona mimi, akaacha wote, akanijia mimi. Nilikuwa nikipiga kelele: "Mama! Mama, nakufa!"

"Nakuona."

"Sasa?"

"Sasa lala kidogo upumuzike. Fundi akishafika, utaamuka na akili."

Na kweli aliniacha nife, huku ana nguvu za uganga za kumfufua Farao na jeshi lake. Nilikufa kwa adabu yangu mbaya mara nyingi kuliko panya wa Kisangani nzima. Lakini mkono wangu ulipona. Leo hata kazini, mafundi wenzangu wanashangaa ninavyongoja sementi ikauke.

Kabla ya kila zimwi kubwa aliomba. Hakuomba sala fupi ya kabla ya chakula, hapana: sala kamili, yenye wagonjwa, wasafiri wa mtoni, wanafunzi wa mtihani, na mwishoni zimwi mwenyewe, "kwa maana naye, Bwana, iko na mama yake." Mazimwi ya mchezo ule husimama tu mahali pake mpaka uyachokoze, kwa hiyo lile letu lilikuwa linangoja. Mama akimaliza, mara nyingine alasiri ilikuwa imeingia, na Fundi alikuwa anaweka simu chini, anachukua udhu, anaswali. Zimwi linangoja. Wa tano naye, huko Ufilipino, anangoja, sijui akidhani mtandao umekatika. Sijaona jitu lililongojeshwa kwa ajili ya Mungu kwa njia mbili kama lile halafu likauawa.

Mara moja nilimuuliza kwa nini mguu unamuuma hivyo na bado anatembea kutoka kwake mpaka barazani, mvua au jua, wakati simu ni yake na mtandao uko hata kitandani. Alikuwa anafunga mwamvuli.

"Hapa munaningojaka," akasema. "Sokoni hawaningoje tena. Kwaya wameisha pata mwingine. Mutu mwenye hangojwi popote, iko maiti inatembea."

Alisema vile bila huzuni, kama anayesema ndizi zimepanda. Lakini mimi tangu hapo nilikuwa najua kesi ile ilikuwa juu ya nini hasa. Commandant alifikiri ni juu ya ushindi. Kwa Mama ilikuwa ni juu ya benchi lile, na watu watatu wanaoinua macho wakati mwamvuli wake unapotokea kwenye kona.

Bon, kesi yenyewe.

Kulikuwa na zimwi mmoja, Malkia wa Matope. Nusu mwanamke, nusu kinamasi, na mdomo wa kumeza kanisa. Commandant alikuwa ametupangia mbinu juu ya meza ya kukatia nguo ya Fundi: alichora pango kwa chaki ya fundi, akatuweka sisi kwa vifungo. Kifungo kikubwa cha koti ni ngao. Anamgeuza Malkia auelekee ukuta. Vifungo vidogo vya shati, sisi wapigaji, mgongoni. Kifungo cha buluu, mbali kule karibu na mkasi, ni Mama. Yote sawa. Lakini Malkia, akichoka kupigwa, anatema sumu juu ya watu wawili kwa mara moja. Daima mmoja wao ni ngao. Mwingine ni yeyote. Na dawa ya sumu ya mganga inatibu mmoja tu, halafu inapumzika. Ikiwa tayari tena, wa pili ameshakufa. Donc, basi, hesabu ni nyepesi, hata mtu wa masomo ya jioni anaiweza: mtibu ngao, mwache mwingine afe, songa mbele.

Mwingine akiwa Commandant, Mama alimtibu Fundi, na Commandant akafa vizuri. Mwingine akiwa mimi, ndiyo kabisa, hata hakufikiri. Lakini mwingine akiwa mgeni, yule wa tano, Mama alimtibu mgeni.

Kila mara. Fundi alikuwa anaanguka na ngao yake, Malkia anageuka, na sisi tunakuwa tope. Wa mwisho kufa alikuwa mgeni mwenyewe, peke yake katikati ya pango, damu imejaa mpaka juu, anapigwa na Malkia kama ngoma ya arusi.

Jumapili moja tulikufa hivyo mpaka betri ya Fundi ikaomba msamaha. Commandant akaweka simu kifudifudi.

"Mama, tusikilizane. Ngao akikufa, bote tunakufa. Na mugeni pia anakufa! Hata huyo haumusaidie."

"Anakufa wa mwisho."

"Na kufa wa mwisho inamusaidia nini?"

"Anakufa akiona tulijaribu."

"Mama! Iko mchezo! Fundi ndiye anashika zimwi, c'est logique, mutu wa kwanza ni Fundi!"

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa. Akiivua, ujue imekuwa mambo.

"Sikia, mwanangu. Wewe ukikufa, mama yako namujua, nitakwenda kumwambia. Huyu wa mishale akikufa, bibi yake namujua, na atafurahi. Fundi akikufa, familia iko hapa ndani ya nyumba. Lakini huyu mugeni, akikufa mukononi mwetu, mimi nitakwenda kumwambia nani?"

Mbuzi wa jirani peke yake ndiye aliyejibu, na yule mbuzi hana dini.

"Lakini hafi kweli," Commandant akasema, sauti ikipungua. "Anaamuka tena pale kwa makaburi."

"Najua. Niko na nyonga mubaya, si kichwa."

Nisimpunguzie Commandant. Alikuwa amekaa miezi akiitafuta njia ya kumshinda Malkia yule, akiota juu yake kule Masako katikati ya miti yake, na mbinu yake ilikuwa sahihi, sahihi kabisa, imekosa kitu kimoja tu. Jumapili iliyofuata akaja na jibu: binamu wa rafiki yake, kijana wa Kinshasa, mganga hodari, atacheza nasi kwa mtandao. Akamwambia Mama kwa upole, Kifaransa kingi katikati kama mtu anayeweka mto chini ya jiwe: "Bon, Mama, utapumuzika kidogo, hein? Juste kidogo. Malkia akiisha kufa, tutakuita."

Mama akakunja waya wa chaja yake polepole, kitanzi juu ya kitanzi, akautia ndani ya mfuko. "Sawa," akasema. Hakukasirika. Angekasirika tungepona. Alichukua mwamvuli akaenda, na mimi niliyefunzwa kungoja na mama yule, siku hiyo niliangalia viatu vyangu.

Na tulimshinda Malkia! Lazima niseme ukweli hata kama unauma hadithi. Kijana wa Kinshasa alikuwa anaponya kama mashine ya kushona: Fundi kwanza, Fundi tena, Fundi daima. Mgeni wa siku ile alipata sumu, akafa, Malkia akafa, na sisi tukapiga kelele mpaka watu wakatoka nje kuuliza kama timu imefunga goli. Commandant alikumbatia kila mtu, mpaka yule sanamu wa mbao wa kuvalishia makoti.

Halafu Jumapili zikaanza kuwa za ajabu.

Sijui kama unajua, lakini katika michezo hii wageni wanaweza kukukumbuka. Mtu akipenda kikosi anakiwekea alama, na siku akiingia anakitafuta. Sisi tulikuwa hatujawahi kujiuliza kwa nini kila tulipobonyeza kitufe, wa tano alitokea kabla hujapiga chafya. Kumbe walikuwa wale wale! Mbrazili, Mfilipino, yule wa mifupa ya samaki, walikuwa wanatungoja. Walikuja sasa, wakaona mganga ni mwingine, wakaandika: "Mama?" Commandant akawaandikia kwamba Mama anapumzika. Walicheza pambano moja, wakafa humo bila mtu kuwajali, wakaondoka. Hawakurudi. Tukaanza kubonyeza kitufe na kungoja, na kungoja, mpaka chai inapoa, na aliyekuja alikuwa mtu asiyesalimia.

Kijana wa Kinshasa naye hakusalimia. Alikuwa mtu mwema, nadhani. Sikuwahi kusikia sauti yake.

Na siku moja Fundi hakuichukua simu. Alikaa kwenye cherehani, Jumapili, akishona.

"Fundi, tuko tayari," Commandant akamwita.

"Chezeni, wanangu. Mimi nimeshiba."

"Lakini wewe ndiwe ngao! Na sasa haufi tena!"

Fundi akakata uzi kwa meno. "Ni kweli," akasema kwa Kiswahili chake kile cha sandukuni. "Zamani nilikuwa nikifa kila Jumapili. Lakini nilikuwa nikifa nyumbani."

Bila ngao hakuna kikosi. Commandant alikaa pale akivichezea vifungo juu ya meza, akakishika kile cha buluu, akakizungusha, na nilimwona anafanya hesabu ambayo haimo katika miti. "Yaya," akaniambia, na hakuwahi kuniita yaya, kaka mkubwa, kabla ya hapo, "utanisindikiza?"

Kwa mtu mzima haendi mtu peke yake kuomba msamaha, wala mikono mitupu. Tulikwenda watatu, Fundi mbele kwa sababu ya umri, Commandant na makasu ndani ya karatasi, zile mbegu chungu wanazopenda wazee, na mimi na mfuko wa sukari. Tukapiga hodi kwenye parcelle yake, ua wa nyumba yake. Na Mama wa Nyuma alitupokea, jamani, kama wajumbe wa serikali.

"Karibuni, karibuni, bageni. Mukae. Musiende hapo, iko jua. Mukae hapa."

Akaleta beseni ya maji na sabuni mpya, akatunawisha yeye mwenyewe. Akatandika kitambaa. Akatoa sahani zile za maua, zinazokaa kabatini mwaka mzima zikimngoja askofu. Lituma ya moto, ndizi zilizopondwa mpaka zinang'aa, na samaki wa moshi ndani ya mawese, mkubwa hata mkia wake ulikuwa katika wilaya nyingine. Wajukuu wake walikuwa mlangoni mwa jikoni wanatazama. Wao watakula baadaye, kama kawaida ya nyumba yoyote. Kichwa cha samaki, sehemu ya heshima, akamwekea Commandant. Na hakutuuliza habari yoyote ya mchezo. Alituuliza safari yetu ilikuwaje. Safari! Kutoka mtaa wa pili!

Commandant hakugusa kichwa kile.

"Mama," akasema, "mimi si mugeni hapa."

"Kumbe?" Mama akashangaa vizuri sana. "Mugeni ndiyo mutu anapigaka hodi. Sikusikia hodi pale?"

"Nilipiga."

"Ndiyo ivi. Kula, baba. Kula, isipoe."

Akamsogezea sahani karibu zaidi, kwa mikono miwili. Sijawahi kuona mtu anapigwa kofi kwa samaki, lakini siku hiyo niliona.

Commandant akasimama, akachukua sahani ile ya maua na kichwa cha samaki juu yake, akaipeleka mbele ya Fundi, akaiweka. Akapita mlango wa jikoni kati ya wajukuu. Tukasikia anafungua na kufunga vitu, sufuria inalia, na alipotokea mlangoni alikuwa na bakuli ya plastiki iliyopasuka ukingo, ndani yake ukoko wa lituma uliokwanguliwa chini ya sufuria na mchuzi mtupu. Akaketi chini na watoto, akaanza kula.

Mama hakugeuka. Alikuwa anamwongezea Fundi mchuzi.

"Usimalize yote," akasema kwa sauti ile ya sokoni, ile ya kuonyesha mto. "Iko batoto bengine."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukiisha, osha ile sufuria."

"Ndiyo, Mama."

Mimi sikusimama. Niseme wazi. Samaki yule alikuwa mtamu, na mtu akikuita mgeni mbele ya samaki kama yule, si vizuri kubishana naye.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, si muda mrefu uliopita. Kesho yake tulikuwa barazani mapema kuliko mapadre, na mwamvuli ulipotokea kwenye kona Fundi mwenyewe aliinuka kufuta benchi. Commandant aliandika kitu kwenye simu yake, sehemu ile ya kuwaandikia watu wa mbali, na kabla Mama hajamaliza kuwaombea wasafiri wa mtoni, Mfilipino alikuwa ameshatokea. "Mama!" akaandika. "Umekula?" Mama akaandika, kwa kidole kimoja.

Tukamrudia Malkia wa Matope, kwa maana anafufuka kila wiki, mwanamke yule hana aibu. Fundi akamgeuza ukutani. Mimi nikangoja, nikangoja, halafu nikarusha. Ilipofika sumu, siku hiyo Malkia alitema kwa namna ambayo hatujawahi kuiona, mate matatu badala ya mawili, au labda ndivyo ninavyokumbuka mimi: Fundi, Mfilipino na Commandant, wote watatu wakawa kijani. Mama akamtibu mgeni, bila shaka. Fundi alikuwa amenunua kwa zawadi za vita vyetu vyote chupa moja ya dawa ya sumu, chupa unayoipata mara moja kwa mwezi, na akainywa. Akabaki Commandant.

Mstari wake wa damu ukashuka nusu, ukashuka robo. Zamani angekuwa anapiga kelele za kuamsha Lubunga ng'ambo ya mto. Nikamtazama. Hakuomba kitu. Alitupa moto wake wa mwisho juu ya Malkia, akamtazama Mama kwa pembeni, na Mama alikuwa amekunja uso juu ya simu, anamjaza Mfilipino damu ambayo Mfilipino hakuihitaji tena.

"Commandant amekufa," nikasema.

"Nimemuona," Mama akajibu.

Sisi tukaendelea kupigana. Commandant akaweka simu juu ya magoti, picha yake imelala kifudifudi ndani ya tope, akaegemea ukuta wa baraza, mikono nyuma ya kichwa, akitabasamu kama bwana arusi. Nimeona maiti nyingi katika mchezo ule, nyingi zikiwa zangu. Sijaona hata moja yenye furaha namna ile.